Somo: Chai ya viungo ya likizo ya baridi, kila kiungo na zamu yake

Hamjambo nyote. Huku London shule zimefungwa, jua linazama kabla ya saa kumi jioni, na nyumba zetu nyingi zitakuwa na wageni kuanzia Krismasi mpaka baada ya mwaka mpya. Mmeniomba somo la chai ya maziwa yenye viungo, ile ya kupikwa sufuriani, na leo nalileta.

Mimi nimezaliwa Muheza, chini ya milima ya Usambara Mashariki. Kule Amani wanalima iliki, mdalasini, pilipili manga na karafuu, na mashamba ya chai yapo milima hiyohiyo, kwa hiyo nilidhani chai hii haiwezi kunishinda. Desemba yangu ya kwanza hapa nilitia vyote kwa mpigo: maji, maziwa, majani, tangawizi mbichi iliyotwangwa. Wageni sita wako sebuleni, baridi imewaingia mpaka mifupani, na maziwa yakakatika mabonge. Nikamwaga sufuria nzima, na maziwa mengine hayakuwepo. Tangu siku ile nashikilia jambo moja: kila kiungo kina zamu yake ya kuingia.

Mahitaji (watu 6, na cha kuongezea)

Maji vikombe 4 na maziwa vikombe 4. Tangawizi mbichi kipande cha ukubwa wa kidole gumba. Iliki 10 na maganda yake. Mdalasini kijiti kimoja cha urefu wa kidole. Karafuu 4, zisizidi. Pilipili manga punje 8. Majani ya chai ya chembechembe vijiko vya chai 4 vilivyojaa. Sukari kwa kadiri yenu.

Maziwa yawe yasiyotolewa mafuta. Katika maduka mengi ya huku ni yale ya kifuniko cha buluu. Ukitumia yaliyopunguzwa mafuta chai itakuwa nyepesi, na utajikuta unaongeza sukari kufidia.

Hatua ya 1: Kutwanga

Anza na iliki peke yake, uiweke pembeni. Pasua moja uitazame ndani: punje nzuri ni nyeusi, zina unyevu kidogo, zimeshikana, na ukiziponda kwa ukucha harufu inakupanda puani papo hapo. Zikiwa za kijivu, kavu, zinamwagika kama mchanga, iliki hiyo imeshachoka na hata ukitia 20 hutapata kitu. Twanga punje na maganda pamoja, zipasuke tu, zisiwe unga. Kisha twanga tangawizi, halafu uvunjevunje mdalasini na pilipili manga. Karafuu zibaki nzima, maana zikisagwa zinameza ladha ya vingine vyote. Usipokuwa na kinu, funga viungo kwenye kitambaa safi uvigonge kwa mchi wa chapati.

Hatua ya 2: Maji na viungo vigumu

Tia maji, tangawizi, mdalasini, karafuu na pilipili manga. Yakichemka punguza moto, funika, acha dakika 10. Hapa ndipo siri ya maziwa yangu yaliyokatika. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa, na kule kusini mwa China watu hukitumia makusudi kugandishia maziwa matamu ya tangawizi. Kimeng'enya hicho hufa kwa moto. Tangawizi ikishachemka vya kutosha ndani ya maji, maziwa yatakayofuata yana amani.

Hatua ya 3: Majani

Tia majani, dakika 3 tu. Yakizidi chai inakuwa na ukakasi unaokausha ulimi. Yaingie kabla ya maziwa, kwa sababu ndani ya maziwa majani hutoa rangi kwa shida, nawe utashawishika kuongeza.

Hatua ya 4: Maziwa

Wakati majani yanachemka, pasha maziwa kwenye sufuria nyingine mpaka yatoe mvuke, ndipo uyamimine. Maziwa ya baridi kutoka kwenye friji hushusha joto la chai, halafu unasubiri huku majani yanaendelea kutoa ukakasi. Simama hapo hapo jikoni, simu uiache. Chai ikipanda, punguza moto, ikishuka, ongeza, fanya hivyo mara tatu. Katikati chota kwa upawa, inua juu, mimina, rudia mara kumi au zaidi. Mama yangu alikuwa akisema chai isiyopigwa upawa ni maji yenye rangi, na kweli utaona inavyobadilika: povu dogodogo linajaa juu na rangi inakuwa kama ya udongo mwekundu uliolowa.

Hatua ya 5: Iliki na sukari

Sasa iliki. Harufu yake hupotea upesi na mvuke, ndiyo maana nimeichelewesha. Tia, chemsha dakika moja, zima, funika, dakika 5. Sukari mnaweza kutia sasa, ila wageni wakiwa wengi mimi naiweka mezani. Kuna wenye kisukari wasiopenda kutangaza hali yao mbele za watu.

Hatua ya 6: Suuza chupa ya chai kwa maji ya moto, chuja, funga. Mandazi au vitumbua viwe tayari kabla ya chai.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mama. Mimi niko hapahapa London. Chai yangu inaweka utando wa kahawia juu, kama mafuta, na ladha imefifia. Sufuria naiosha vizuri.*

Marahaba mwanangu. Sufuria yako haina kosa, ni maji. Maji ya bomba ya London yana chokaa nyingi, itazame ndani ya birika lako la umeme. Tumia jagi la kuchujia maji, tofauti utaiona siku hiyohiyo.

*Dada, mdalasini nilioununua ni mgumu kama gome, hauvunjiki. Nimeibiwa?*

Hujaibiwa, umepata kasia, ndugu yake mdalasini. Unene wake ni mkubwa na umejikunja mkunjo mmoja. Mdalasini wetu wa Amani na Zanzibar, kama ule wa Sri Lanka, ni tabaka nyembamba nyingi zilizoviringishwa pamoja, unavunjika kwa vidole. Kasia ina ukali zaidi, basi tia nusu kijiti. Tena ina kumarini nyingi, ambayo ikizidi mwilini hudhuru ini, kwa hiyo anayekunywa kila siku atafute mdalasini wenyewe.

*Mwanangu hanywi maziwa ya ng'ombe. Naweza kutumia tui au maziwa ya shayiri?*

Vyote vinafaa, ila usivichemshe kama maziwa ya ng'ombe. Tui liwe jepesi, uliingize mwishoni kwa moto mdogo huku unakoroga, lisije likakatika. Maziwa ya shayiri yakichemka sana yanakuwa uji. Na kwa watoto wadogo mimi huacha majani kabisa: maji ya viungo, maziwa, iliki. Wanafurahi na usiku wanalala.

*Kwetu Pemba twatia mchaichai. Mbona hukuutaja?*

Umenikumbusha vyema. Mchaichai uingie hatua ya 2, majani mawili matatu yaliyofungwa fundo. Ukiutia, punguza tangawizi iwe nusu, vinginevyo hutausikia.

*Nina unga wa viungo wa pakiti. Niutie lini?*

Kwenye maji, mwanzoni, kijiko cha chai kimoja kwa mahitaji haya. Pakiti ikishafunguliwa ihamishie kwenye chupa yenye kifuniko cha kukaza, mbali na jiko. Hata hivyo, iliki ongeza mbichi iliyotwangwa mwishoni.

*Nitakuwa na watu 15 mkesha wa mwaka mpya. Nipike asubuhi niweke kwenye chupa?*

La, chai ya maziwa ikikaa saa nyingi kwenye chupa inachacha. Pika hatua ya 2 na ya 3 tu, ukizidisha vipimo mara tatu, chuja, ipoe, weka kwenye friji. Inakaa siku 3 bila maziwa. Usiku ule pasha kiasi unachotaka, ongeza maziwa ya moto kiasi kilekile, piga upawa, tia iliki. Dakika 10 hazifiki.