Kupiga Picha za Mashua Halisi Zionekane kama Vichezeo kwa Kamera ya Mvukuto

Anayepiga picha ya kigari cha kuchezea kwa karibu hukuta kigari chenyewe ni kikali, huku kilicho mbele na nyuma yake kikimezwa na ukungu, kwa sababu kadiri lenzi inavyokisogelea kitu ndivyo kina cha fokasi kinavyopungua. Macho yetu yameizoea mno dalili hiyo, hata tukiiona kwenye picha ya mji mzima tunadhani mji umejengwa juu ya meza. Kamera kubwa ya mvukuto, ile ya filamu ya inchi 4 kwa 5 yenye mfuko wa mikunjo kati ya lenzi na filamu, huweza kuitengeneza dalili hiyo makusudi, kwa kuwa lenzi na filamu yake hazilazimiki kubaki sambamba.

Kanuni inayotumika ina jina la Theodor Scheimpflug, ofisa wa jeshi la Austria aliyepata hataza yake Uingereza mwaka 1904 alipokuwa akishughulika na kunyoosha picha zilizopigwa kutoka angani, ingawa Mfaransa Jules Carpentier alikuwa amekwisha kuigusa mwaka 1901. Inasema kwamba bapa (uso ulionyooka) la filamu, bapa la lenzi na bapa la vitu vyenye fokasi, yakirefushwa, hukutana kwenye mstari mmoja. Mpiga picha wa mandhari huinamisha lenzi mbele ili ardhi yote iwe kali. Sisi tunaotaka sura ya vichezeo tunailaza nyuma, ili fokasi iikate ardhi badala ya kulala juu yake.

Tuchukue mashua zilizotia nanga mbele ya Forodhani, Zanzibar, zikitazamwa kutoka paa la nyumba ya Mji Mkongwe. Upande huo unaelekea magharibi, kwa hiyo saa tatu asubuhi jua liko mgongoni mwako na vivuli ni vikali, kama vivuli vya taa juu ya meza. Jioni, wachuuzi wanapowasha taa zao, ni wakati mzuri wa kula urojo, si wa kazi hii, maana jua linaingia moja kwa moja kwenye lenzi.

Weka kamera kwenye stendi imara, miondoko yote ikiwa sifuri, yaani lenzi na filamu zikiwa sambamba, uielekeze chini mpaka upeo wa macho utoke kabisa kwenye picha. Jifunike kitambaa cheusi, fungua tundu la lenzi ya milimita 150 hadi f/5.6 (namba ndogo ya f ni tundu pana), kisha weka fokasi kwenye mashua moja uliyoichagua. Sasa laza lenzi nyuma nyuzi 2 au 3, ukitazama kioo cha ukungu nyuma ya kamera, ambako picha imepinduka juu chini. Ikiwa maji yote yanazidi kuwa makali badala ya kufifia, umeinamisha upande usio wake. Kamera inayoinamia katikati ya lenzi haitaharibu sana fokasi ya mashua yako, lakini ile inayoinamia chini kwenye kitako itakudai uweke fokasi upya kila unapoongeza. Endelea hadi nyuzi 5, ukikagua kwa kioo cha kukuzia.

Kwa nyuzi 5 na f/5.6, ukanda mkali kwenye filamu una upana wa takriban sentimita 1.3, na kwa nyuzi 8 unabaki milimita 8 hivi. Ukifunga lenzi hadi f/22 kwa mazoea, ukanda huo wa nyuzi 5 hutanuka kufikia sentimita 5, yaani nusu ya picha, na mashua zinarudi kuwa mashua. Mimi husimama kwenye nyuzi 5 au 6. Zaidi ya hapo ukungu huonekana umepakwa kwa brashi.

Jambo linaloharibu picha nyingi za aina hii ni vitu virefu. Mlingoti uliosimama kwenye ukanda mkali utakuwa na shina kali na ncha yenye ukungu, ilhali ncha na shina viko umbali karibu sawa na kamera, na jicho hugundua uongo huo mara moja. Kwa sababu hiyo chagua mashua zilizolala chini, uache nje minara na minazi, na upande juu kadiri unavyoweza. Olivo Barbieri, Mwitalia aliyeifanya mbinu hii ijulikane kwa picha za miji, alipiga akiwa ndani ya helikopta; sisi wa mapaa tunavumilia.

Imebaki mwanga. Kwenye jua kali, filamu ya ISO 100 kwa f/5.6 hudai takriban 1/800 ya sekunde, na shata (vilango vya kupitisha mwanga) nyingi za lenzi hizi huishia 1/500, kwa hiyo vaa lenzi kichujio cha kijivu cha stopu moja, kinachopunguza mwanga kwa nusu, na upige kwa 1/400 au karibu na hapo. Kabla ya kuvuta kifuniko cha filamu, hakikisha umefunga shata uliyoiacha wazi wakati wa kutafuta fokasi. Nimepoteza karatasi mbili za filamu asubuhi moja kwa kusahau hilo, na mashua niliyoitaka ilikuwa imekwisha kung'oa nanga.