Ukitaka kuchora upya sura ya Rembrandt, anza na kijivu

Igeuze picha ya sura hiyo ya Rembrandt, mchoraji wa kale wa Uholanzi, iwe nyeusi na nyeupe kwenye simu, changanya vijivu vitano, cheusi hadi cheupe, ujaze uso wote. Kisha zima simu. Juu ya vijivu hivyo paka rangi zako mwenyewe, hata zile kali za leso, mradi kila rangi iwe na mwanga sawa na kijivu kilicho chini yake. Fumba macho nusu utaona palipopotoka. Uso hutambulika kwa mwanga na kivuli kuliko kwa rangi, ndiyo maana shavu la kijani bado ni shavu. Manjano ndiyo msumbufu: ukiitia nyeusi inageuka kijani, basi kivulini weka hudhurungi. Akriliki, rangi ya kuchanganywa na maji, hukoza kidogo ikikauka, kwa hivyo linganisha ikiwa kavu. (Na ukichorea barazani upepo wa kusi ukivuma, inyunyizie maji, la sivyo itagandia sahanini.) Mbinu hii haifai kwa mchoraji Van Gogh. Katika sura yake ya 1889 iliyoko Paris, ndevu za rangi ya chungwa hutengana na buluu ya nyuma kwa rangi zaidi kuliko kwa mwanga; ukiigeuza kijivu, nusu ya picha imepotea.