Mkague kondoo dume miezi 2 kabla ya kupandisha

Kondoo majike wakirudia joto (kutaka dume tena) baada ya kupandwa, wengi huwalaumu majike. Mshike dume kwanza. Papasa korodani zote mbili: zinatakiwa zilingane, ziwe imara bila kuwa ngumu, ziteleze huru ndani ya mfuko. Kisha tazama ngozi ya mfuko wenyewe. Magaga mazito hapo mara nyingi ni kazi ya utitiri wa upele, na madhara yake ni makubwa kuliko watu wanavyodhani. Mbegu hutengenezwa vizuri korodani zikiwa na joto la chini kuliko la mwili kwa nyuzi kadhaa. Ngozi iliyovimba huzipasha, mbegu zinaharibika. Dume ataendelea kupanda kama kawaida, ila mimba hazishiki.

Funua pia kope la chini. Likiwa jeupe badala ya jekundu, fikiria minyoo ya tumbo inayonyonya damu. Kwenye maeneo yenye mbung'o fikiria na nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o hao, ambao huweza kuharibu korodani zenyewe. Daktari wa mifugo apime damu na kinyesi, maana dawa ya minyoo haitibu nagana.

Tafadhali msisahau muda: mbegu huchukua takribani miezi 2 tangu kuanza kutengenezwa hadi kuwa tayari. Ukimtibu leo na kumwachia majike wiki ijayo, bado anatoa mbegu za siku za ugonjwa. Korodani zilizokwisha kusinyaa na kukakamaa mara nyingi hazirudi. Tafuta dume mwingine mapema.