Kabla ya Kununua Sensa: Jinsi ya Kutafuta Hitilafu ya Nyaya katika Injini ya Mashine Nzito

Mwenye eskaveta au loda akiona taa ya injini imewaka, neno la kwanza atakalokwambia ni kwamba sensa, yaani kifaa kinachopima presha au joto na kuipa kompyuta taarifa, imekufa na anataka nyingine. Usikimbilie dukani. Mombasa ni mji wa chumvi: upepo wa bahari hauchagui, unaingia katika mashine zinazopakua mizigo Kilindini sawa na zilizoegeshwa Changamwe na Miritini, na kwa uzoefu wangu sensa yenyewe mara nyingi huwa nzima, ila waya au pini inayoiunganisha na kompyuta ya injini ndiyo iliyooza.

Hata hivyo, lipo jambo linalotangulia nyaya. Taa ikilalamikia presha ya oili, usianze kwa kudhani kwamba ni hitilafu ya umeme. Zima injini, pima kiasi cha oili, kisha funga geji ya mshale mahali pa sensa na usome presha halisi injini ikinguruma, kwa muda mfupi tu ikiwa una wasiwasi. Geji ikionyesha kwamba oili ina presha ya kutosha, hapo ndipo una haki ya kuzishuku nyaya. Kabla ya kuingiza mkono popote, shusha ndoo hadi chini, weka vizuizi kwenye magurudumu na uuchomoe ufunguo.

Hatua inayofuata ni kusoma namba ya hitilafu yote, si nusu yake. Katika mashine zinazofuata utaratibu wa SAE J1939, yaani kanuni za mawasiliano ya kompyuta za mashine nzito, namba hiyo ina sehemu mbili: SPN hutaja kinacholalamikiwa na FMI hutaja aina ya kasoro. SPN 100 ni presha ya oili ya injini, na SPN 110 ni joto la maji ya injini. FMI 3 maana yake ni kwamba volti imepanda kupita kiasi, FMI 4 kwamba imeshuka kupita kiasi, na FMI 2 kwamba taarifa zinarukaruka au hazipatani. Hakuna hata moja kati ya hizo inayosema kwamba sensa ni mbovu. Kompyuta haiioni sensa. Inaona volti inayofika kwenye pini yake, na volti hiyo inaweza kuharibiwa mahali popote njiani.

Njia yenyewe si ngumu kuielewa. Sensa nyingi za presha zina nyaya tatu: mmoja huleta volti 5 kutoka kwenye kompyuta, wa pili ni wa hasi, na wa tatu hurudisha ishara ambayo kwa kawaida huwa kati ya volti 0.5 na 4.5. Sensa ya joto huwa na nyaya mbili tu, na ndani yake mna kipande ambacho ukinzani wake hupungua kadiri joto linavyopanda. Sensa hiyo ya nyaya mbili ndiyo rahisi kuhukumu. Chomoa plagi yake, washa swichi bila kupiga stata, na upime kati ya pini mbili za upande wa kompyuta: unatarajia takribani volti 5, na kompyuta inapaswa kuripoti FMI 3. Kisha unganisha pini hizo mbili kwa kipande cha waya. Volti ishuke karibu na sifuri na namba igeuke kuwa FMI 4. Ikibadilika hivyo, nyaya na kompyuta ni nzima na sasa unaweza kuilaumu sensa. Isipobadilika, sensa haina kosa. Onyo moja: usifanye mchezo huo wa kuunganisha kwenye sensa ya nyaya tatu, kwa sababu ukiugusisha waya wa volti 5 na wa hasi utaangusha umeme wa sensa nyingine zinazoutegemea.

Jambo hilo la kutegemeana huwapotosha wengi. Ikiwa sensa tatu au nne zimeanza kulalamika kwa wakati mmoja, ni nadra zote kufa pamoja. Ni rahisi zaidi kwamba moja kati yake, au waya wake, imeuvuta chini umeme wa volti 5 unaozihudumia zote. Weka mita kwenye waya huo, kisha chomoa sensa moja baada ya nyingine. Volti 5 ikirudi ghafla, umeshaipata.

Nikiri kosa langu. Niliwahi kubadilisha sensa ya presha ya oili ya loda moja mara mbili ndani ya wiki moja, na mara zote mbili taa ilirudi baada ya loda kupanda mlima ikiwa na mzigo. Namba ilikuwa FMI 4, nami nilikuwa nimeisoma SPN tu. Siku ya tatu nilipapasa waya wa ishara kwa vidole tangu sensa hadi kwenye kompyuta, na nyuma ya chuma kinachoshikilia alteneta nikakuta ngozi yake imelika, tundu lisilozidi punje ya mchele. Injini ikitikisika kwa mzigo, shaba iligusa chuma. Ikizimwa, waya uliachana na chuma, na kila nilichopima kikaonekana sawa. Ndiyo maana hitilafu inayokuja na kuondoka haitafutwi kwa mita pekee. Acha mwanagenzi atazame usomaji kwenye skrini huku wewe ukitikisa waya pole pole, shibiri kwa shibiri, hasa unapopita kwenye kona, karibu na bomba la moshi na chini ya vibanio.

Kwenye plagi, tafuta unga wa kijani, pini zilizorudi nyuma na mpira wa kuzuia maji uliochanika. Usisukume ncha nene ya mita ndani ya pini ya kike, kwani utaipanua na hitilafu utakayoipata kesho utakuwa umeitengeneza mwenyewe. Wala usitoboe ngozi ya waya kwa sindano ili kupima. Nimepasua waya ambao kwa nje ulikuwa safi kabisa, na ndani shaba imegeuka unga kwa urefu wa kidole, yote kwa sababu ya tundu moja la fundi aliyetangulia. Hapa pwani tundu hilo ni mlango wa chumvi.

Usisahau hasi ya kompyuta yenyewe. Injini ikinguruma, pima kati ya hasi ya betri na pini ya hasi ya kompyuta. Ukiona nusu volti au zaidi, mahali fulani njiani kuna bolti iliyolegea au yenye kutu. Na kompyuta zikilalamika kwamba haziwasiliani, tenga betri na upime nyaya mbili zilizosokotwa za mawasiliano: omu 60 ni sawa, omu 120 maana yake kimoja kati ya vizuizi viwili vya umeme vinavyofungwa kwenye ncha za nyaya hizo kimekosekana au waya umekatika, na karibu na sifuri maana yake nyaya zimegusana.

Katika kuunga, tepu peke yake haidumu katika joto letu. Gundi yake huyeyuka na unyevu ukapata njia. Bana kiungio kwa koleo lake, kisha kivike mpira unaosinyaa kwa joto wenye gundi ndani. Sipendi lehemu karibu na injini, kwa kuwa hufanya waya uwe mgumu na kukatika pale lehemu inapoishia. Ikiwa chuma cha kushikilia waya kinahitaji kuchomelewa, tenga betri na uchomoe plagi za kompyuta kwanza. Baada ya hapo futa namba zilizohifadhiwa, ifanyishe mashine kazi ya mzigo hadi ipate joto, na uzisome tena kabla ya kumkabidhi mwenyewe.