Simu iko Kongwa, ripoti inasema Dar: kusoma mahali kutoka kwenye anwani ya IP

Mteja wangu anauza mafuta ya alizeti hapa Dodoma. Tulituma SMS zenye linki kwa wanunuzi wa Kongwa, Kondoa na Mpwapwa. Kesho yake ripoti ikaonyesha waliobofya karibu wote wako Dar es Salaam, na kundi lingine limejazana porini upande wa Manyoni. Akaniuliza, "Kijana, hela yangu umeipeleka wapi?" Hela ilifika, ila ripoti niliisoma vibaya: ilikuwa inakisia mahali kutoka kwenye anwani ya IP, yaani namba ambayo simu au mtandao huonekana nayo kwenye intaneti. Siku hizi nafanya hivi.

Hatua ya 1: Pata anwani iliyo sahihi

Kama tovuti yako iko nyuma ya seva nyingine ya mbele (inayopokea maombi kwanza na kuyapitisha kwako), logi, yaani kumbukumbu za seva, itakuonyesha anwani ya seva hiyo, si ya aliyebofya. Angalia kichwa cha X-Forwarded-For, mstari unaosafiri na ombi ukiorodhesha anwani lilikopitia. Ukiwa na seva moja tu ya mbele, chukua anwani ya mwisho kulia, kwa kuwa hiyo imeandikwa na seva yako mwenyewe. Zile za kushoto mtu yeyote anaweza kuzibuni. Zinazoanza na 10. au 192.168. zitupe, ni za ndani ya mtandao wa mtu.

Hatua ya 2: Uliza hifadhidata

Natumia GeoLite2 ya MaxMind, hifadhidata inayokisia kila anwani iko wapi. Ni ya bure, unafungua akaunti tu na kupakua faili la mmdb. Kwa Python:

import geoip2.database
msomaji = geoip2.database.Reader("GeoLite2-City.mmdb")
jibu = msomaji.city(anwani)
print(jibu.country.iso_code, jibu.city.name)
print(jibu.location.latitude, jibu.location.longitude)
print(jibu.location.accuracy_radius)

Pakua faili jipya mara kwa mara, anwani huhama mikono.

Hatua ya 3: Anza na mstari wa mwisho, ndipo usome jina la mji

Hapa ndipo nilipoangukia. accuracy_radius ni umbali, kwa kilomita, kutoka katikati hadi ukingo wa duara ambamo mtu huyo huenda yumo. Ukiona "Dar es Salaam" na duara la kilomita 500, hujaambiwa kitu: hata Dodoma imo humo. Mimi namba hiyo ikizidi 50 nafuta jina la mji na kubakiza nchi.

Na lile kundi la Manyoni? Hifadhidata isipojua mji, mara nyingi huweka alama katikati ya nchi. Kwa Tanzania alama hiyo huangukia latitudo -6, longitudo 35, yaani kilomita themanini na kitu magharibi mwa Dodoma mjini. Ukichora ramani bila kuziondoa, Kanda ya Kati itaonekana inanunua kuliko nchi nzima, na bosi atafurahi bure. Kule Marekani shamba moja la Kansas lilisumbuliwa miaka mingi kwa alama ya aina hiyohiyo.

Hatua ya 4: Tenga bando na Wi-Fi

Faili jingine, GeoLite2 ASN, litakuambia anwani ni ya mtandao wa kampuni gani. Kampuni za simu huwapitisha wateja wengi kwenye anwani chache, na trafiki hutoka kwenda intaneti kupitia milango michache, mara nyingi Dar, ambako nyaya za baharini kama SEACOM na EASSy zinatua. Mtu yuko Kibaigwa na bando lake, anwani yake inaonekana iko pwani. Kwa anwani za simu, amini nchi tu. Wi-Fi ya ofisini ina nafuu kidogo.

Hatua ya 5: Wilaya itafute kwingine

Kila orodha ya SMS ipe linki yake: ?eneo=kongwa, ?eneo=kondoa. Kwenye fomu ya oda weka "Mzigo uletwe wilaya gani?" Mnunuzi hujibu bila kinyongo, maana anataka dumu lake lifike.

Hatua ya 6: Kata mkia

Ukishapata jibu, namba ya mwisho ya anwani igeuze 0 kabla ya kuhifadhi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na ripoti ya alizeti haihitaji kujua simu ya nani.

Ripoti ya pili nilimpelekea mzee, yule mteja wangu, ikiwa na safu tatu tu: linki, nchi, oda kwa wilaya. Akaangalia Kondoa, akaagiza lori.