Gundi ya kukazia kitako cha tyubu ya kijicho cha kijani

Wakuu, zile redio za zamani zenye kijicho cha kijani kinachojibana ukipata stesheni, wengi mnaniletea hapa mtaa wa Gerezani, Dar, kioo kinacheza kwenye kitako, na swali ni lilelile, nipake gundi gani. Kijicho hicho ni tyubu, yaani taa ya kioo yenye pini chini; naongelea aina ya EM34 na wenzake wenye kitako cheusi cha bakelaiti (plastiki ngumu ya zamani), EM84 haimo maana pini zake zinatoka kwenye kioo chenyewe.

Hatua ya 1. Chomoa waya ukutani, toa chaji ya kapasita (kile kifaa kinachotunza umeme hata ukishachomoa) kwa rezista, hakikisha na mita. Humo ndani volti 250 ni kawaida kabisa na zinaua.

Hatua ya 2. Ng'oa tyubu kwa kushika kitako, kioo usikizungushe hata kidogo. Ndani kuna viwaya vyembamba kama uzi vinashuka mpaka kwenye pini, ukivisokota vinagusana, au vinakatikia palepale kwenye kioo na hapo huna pa kushikisha risasi ya kulehemu, tyubu imeshakufa. Kwa EM34 pima pini ya 2 na ya 7, filamenti (uzi wa ndani unaopata moto) isome omu chache tu.

Hatua ya 3, gundi yenyewe. Supaglu achana nayo jamani. Mzee mmoja wa Magomeni alileta redio ya marehemu baba yake, mtu alishaipaka supaglu, mvuke wake umeacha ukungu mweupe kwenye kioo kama kimepakwa poda na kitako bado kinacheza, iliniuma sana. Epoksi ya dakika 5 nayo inalegea ikipata moto. Mimi natumia silikoni ya gasketi za injini, inavumilia joto kupita nyuzi 200 na inavutika, kwahiyo kioo na bakelaiti vikitanuka tofauti hakipasuki kitu. Ila minya tone kwanza unuse: ikinuka siki iache, hiyo ni asidi, inakula shaba. Tafuta isiyo na asidi.

Hatua ya 4. Futa vumbi na spiriti, paka kwa kijiti duara jembamba ukingoni tu, usijaze, silikoni inakauka kwa unyevu wa hewa (kwa hilo Dar tumebarikiwa) na ikiwa nene ndani inabaki mbichi siku kadhaa. Funga na rababendi, iache masaa 24.

Pima tena pini zile, halafu rudisha kwenye soketi ukisukuma kitako, sio kioo.