Puppy Linux kwenye flashi, kwa laptopu kuukuu

Laptopu yenye RAM (kumbukumbu ya muda) ya GB 2 bado ina kazi: Puppy Linux ni mfumo endeshi mdogo unaowaka kutoka kwenye flashi, bila diski. Diski ikifa, ing'oe tu. Hata chaji itadumu zaidi. Andika faili ya ISO (Puppy nzima katika faili moja) kwenye flashi ya GB 8 kwa programu ya Rufus, umbizo (mpangilio wa flashi) FAT32. Ukiinakili kama picha za harusi, haiwaki. Prosesa ya biti 32 nayo hukataa toleo la biti 64.

Washa ukigongagonga F12 (HP ni F9), chagua flashi. Puppy hukaa kwenye RAM, kwa hiyo betri mbovu na stima ikikatika, kazi ambayo hujahifadhi imekwenda. Unapozima mara ya kwanza, kubali faili ya kuhifadhia kazi na mipangilio yako. GB 1 yatosha, na FAT32 haipokei faili ya GB 4.

Ikizimika yenyewe, safisha feni kwanza: joto la Mombasa na vumbi havipatani na mashine.